Bei ya nikeli: kabla hatujahesabu pesa za Kabanga, tujue kwanza nani anaipanga

#1 Mhangaza_Mjini

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi wa stenlesi hapa Dar. Natengeneza meza za jikoni za hoteli, sinki, matangi ya maziwa, reli za ngazi. Nyumbani ni Ngara, Rulenge. Kwa hiyo nikeli inanigusa mara mbili: huku naichomelea kila siku ikiwa ndani ya shiti, na kule nyumbani, kwenye mradi wa mgodi wa Kabanga, imelala chini ya vilima ambavyo watu wanavisubiri tangu kabla sijazaliwa. Kila nikienda Krismasi swali ni lile lile: "Wewe uliyeko mjini, hiyo nikeli bei yake ikoje sasa? Tutaanza kuona kitu lini?" Nimechoka kujibu kwa kubahatisha. Nimekaa miezi kadhaa nasoma, naleta nilichokipata. Ni mrefu, mnivumilie.

Naanzia karakana, maana ndipo nilipoumia. Mwaka juzi nilipata oda ya meza nane za kuoshea samaki. Mteja alitaka stenlesi ya daraja la 304. Nikanunua shiti za 304, zina stika ya 304 juu ya nailoni, na nimelipa bei ya 304. Nikachomelea kwa gesi ya agoni, nikapiga polishi mpaka unajiona sura. Mwezi wa nne mteja akapiga simu. Madoa ya kahawia yalikuwa yameanza kwenye maungio, halafu yakatambaa mpaka katikati ya meza. Nikaenda na sumaku, haikunasa. Nikamwambia mteja kwa kujiamini kabisa kwamba mali ni 304, labda dawa wanazooshea ndizo kali.

Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa na kichupa cha dawa ya kupimia. Unadondosha tone moja juu ya shiti, unagusisha betri ndogo ya volti 9, unahesabu sekunde chache. Lile tone likageuka jekundu la kuiva. Ile haikuwa 304, ilikuwa 201. Meza zote nane nilizirudia kwa pesa yangu, na aliyeniuzia alisema stika ilikuja hivyo hivyo kutoka bandarini.

Tofauti yake ni hii. 304 ina chromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Kwenye 201 nikeli imepunguzwa hadi kama asilimia 4, pengo likajazwa manganizi. Zote mbili hazinasi sumaku, na hapo ndipo mtego ulipo. Inayonasa ni 430, ambayo haina nikeli kabisa. Kwa hiyo sumaku itakuokoa na 430, kwa 201 haitakusaidia kitu.

Sasa kwa nini mtu abandike stika ya uongo? Chukua shiti ya futi 4 kwa 8, unene milimita 1.5. Ina kilo 35 hivi. Asilimia 8 yake ni kilo 2.8 za nikeli. Sehemu kubwa ya 2025 nikeli ilizunguka dola 15,000 kwa tani, kwa hiyo ndani ya shiti moja kuna nikeli ya dola 42. Mwanzoni mwa 2023, bei ikiwa kama dola 30,000, shiti ile ile ilikuwa imebeba nikeli ya dola 84. Mei 2007 bei ilipovuka dola 50,000, ilikuwa dola 140. Mwenye kiwanda akipunguza nikeli nusu, ameokoa nusu ya pesa hiyo kwenye kila shiti. Bei ikipanda kule juu, huku chini 201 inazaliana.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba karibu theluthi mbili ya nikeli yote duniani inaishia kwenye stenlesi. Sinki, masufuria, mabomba ya viwanda vya bia, vifaa vya hospitali, matangi. Betri za magari, ambazo ndizo zinazotajwa redioni kila ikitajwa Kabanga, zinachukua chini ya moja ya tano. Inayobaki inakwenda kwenye injini za ndege, kwenye upakaji wa metali nyingine, na sarafu. Kwa hiyo anayetaka kujua soko la nikeli linaelekea wapi aangalie kwanza China inajenga majengo mangapi na inauza friji ngapi, ndipo aangalie magari.

Kitu cha pili: mwenye rungu ni Indonesia. Mwaka 2014 walizuia kusafirisha udongo wa nikeli ukiwa ghafi, wakalegeza 2017, wakafunga kabisa Januari 2020. Sisi tuliozuia makinikia (mchanga wa madini) yasisafirishwe mwaka 2017 tunaielewa lugha hiyo. Wachina waliokuwa wananunua udongo wakauhamia wenyewe na mitambo yao, Morowali kule Sulawesi na Weda Bay kule Halmahera. Udongo wao ni mwekundu, laini, uko karibu na uso wa ardhi. Wanauchota kwa vijiko, wanauyeyusha kwa makaa ya mawe, wanapata chuma ghafi chenye nikeli kama asilimia 10 na kinachobaki ni chuma. Kwa mtu wa stenlesi hicho kinamtosha, maana chuma anakihitaji vilevile, hana haja ya nikeli safi.

Mwaka 2024 Indonesia ilitoa kama tani milioni 2.2, karibu sehemu tatu kwa tano ya dunia nzima. Bei ikaporomoka, na wenye migodi ya gharama wakaanza kufunga. Kiwanda cha Koniambo huko New Caledonia kilianza kusimamishwa Februari 2024. Oktoba mwaka huo huo kampuni ya madini ya BHP wakasimamisha Nickel West, migodi na viwanda vyao vya nikeli Australia, shughuli ya miongo mingi. BHP hao hao walikuwa na hisa Kabanga, asilimia 17 kwenye kampuni mama, na Julai 2025 wakajitoa.

Tuje nyumbani. Utafiti wa Kabanga uliotolewa Julai 2025 unasema mashapo yanayoweza kuchimbwa kwa faida ni tani milioni 52.2 za mwamba, wenye nikeli asilimia 1.98, na ndani yake kuna shaba na kobalti. Zidisha: ni tani milioni moja na kidogo za nikeli, kwa miaka 18 ya mgodi. Nikaiweka namba hiyo pembeni ya ile ya Indonesia, nikakaa kimya. Kabanga yote, kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya kufunga geti, haifikii nusu ya kinachotolewa Indonesia kwa mwaka mmoja.

Nampenda Mungu na naipenda Ngara, natamani mgodi huu ufunguliwe. Ila tukubaliane kwamba bei hatutaipanga sisi. Kilicho mikononi mwetu ni gharama ya kuitoa, mahali pa kuisafishia, na mapatano tuliyosaini. Mtu akija kijijini akasema "nikeli ni dhahabu mpya", aulizwe amepiga hesabu zake kwa bei gani.

Nawasilisha. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

#2 Kipepeo_Tabata

Mkuu uzi umeshiba. Ila hapo kwenye betri hujatutendea haki. Elon Musk mwenyewe mwaka 2020 aliwaomba wachimbaji hadharani wachimbe nikeli zaidi, akaahidi mkataba mkubwa wa muda mrefu kwa atakayechimba vizuri bila kuharibu mazingira. Dunia inahama mafuta. Huoni miaka kumi ijayo itakuwa tofauti?

#3 Mhangaza_Mjini

Kaka, nilikuwa naamini hivyo hivyo. Nenda Kariakoo kwenye maduka ya sola, geuza betri ya lithiamu usome kibandiko. Nyingi utakuta imeandikwa LiFePO4. Fe ni chuma, PO4 ni fosfeti. Hakuna nikeli humo hata punje, wala kobalti. Aina hiyo ilikuwa inadharauliwa kwa magari kwa sababu ni nzito na inabeba umeme kidogo kwa kila kilo. Wachina wakaiboresha, BYD wakaijengea magari, na kufika 2024 ilikuwa imechukua karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Ndani ya China imechukua sehemu kubwa zaidi.

Betri za nikeli hazijafa, zinatakiwa kwa magari ya safari ndefu, hasa Marekani na Ulaya. Lakini ile ndoto ya 2020 kwamba kila gari litabeba makumi ya kilo za nikeli imekatwa katikati. Na hakuna aliyekuja kijijini kwetu kuwaambia wazee hilo.

#4 Fundi_Kisauni

Assalam aleikum ndugu zangu, mimi niko Mombasa, kazi yangu ni hiyo hiyo. Hii habari ya 201 imenichoma. Nimefanya reli za nyumba moja hapa ufuoni, miezi sita zimeota madoa kama ya chai. Mwenye nyumba hanisalimii. Je, hiyo pia ni 201, au 304 yenyewe haistahimili bahari?

#5 Mhangaza_Mjini

Waaleikum salaam ndugu yangu. Inaweza kuwa yote mawili. Ufuoni kabisa, penye mvuke wa chumvi, hata 304 halisi huota madoa hayo usipoiosha mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi. Pale panatakiwa 316, ambayo ina nikeli kama asilimia 10 na molibidenamu asilimia 2. Ndiyo maana bei yake inauma. Lakini pima kwanza kwa dawa ya matone, maana kama ni 201 hata kuosha hakutasaidia. Angalia pia maungio: ukichomelea 304 kwa waya usiofaa, au ukasugua kwa brashi ya chuma cha kawaida, unakuwa umepanda kutu kwa mkono wako.

#6 Bwana_Mizani

Mleta mada, umeruka kitu kikubwa. Machi 2022 nikeli ilifika dola laki moja kwa tani. Nakumbuka ilitangazwa mpaka kwenye taarifa ya habari, na kuna watu Kagera waliota mchana. Ikawaje bei ipande hivyo halafu leo uniambie 15,000?

#7 Mhangaza_Mjini

Asante kwa kunikumbusha. Hii hadithi naipenda kwa sababu sisi watu wa Kagera tunaijua kwa jina lingine: butura.

Kwa wasioijua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Una shida ya ada, unakwenda kwa tajiri, anakupa pesa leo, mnapatana bei leo, mavuno yakija kahawa ni yake. Bei ikipanda msimu wa mavuno, umelia.

London kuna soko la metali, LME, la tangu 1877. Pale unaweza kuahidi leo kuuza nikeli miezi mitatu ijayo kwa bei ya leo. Tajiri mmoja wa China, Xiang Guangda, mwenye kampuni ya Tsingshan, ndiye kinara wa vile viwanda vya Indonesia nilivyovitaja. Alijua uzalishaji wake unakuja kwa wingi na bei itashuka, kwa hiyo aliahidi kuuza nikeli nyingi sana, zaidi ya tani 150,000. Hesabu yake kimsingi ilikuwa sahihi. Ila alikuwa na kasoro moja: LME wakati huo ilipokea nikeli safi tu, ya asilimia 99.8. Yake yeye ilikuwa chuma ghafi chenye nikeli. Ni kama mtu wa Bukoba aahidi arabika wakati shamba lake lote ni robusta.

Februari 2022 Urusi ikavamia Ukraine. Urusi ni mtoaji mkubwa wa nikeli safi, kule Norilsk. Wanunuzi wakaogopa, bei ikaanza kupanda. Bei ikipanda, aliyeahidi kuuza anadaiwa amana zaidi na mawakala wake. Asipoweza kutoa, mawakala wanalazimika kununua ahadi zile zile ili kumtoa, na kununua huko kunapandisha bei tena. Ikawa moto unajilisha wenyewe. Tarehe 7 Machi ilifunga kama dola 48,000. Alfajiri ya tarehe 8 ikavuka 100,000.

Halafu soko likafanya jambo ambalo lilinikasirisha nikiwa fundi nisiyehusika kabisa. Lilisimamisha biashara na kufuta mauzo yote ya asubuhi ile, ya mabilioni ya dola. Waliokuwa wamepata wakanyang'anywa kwa kalamu. Mfuko wa uwekezaji wa Elliott na kampuni ya biashara ya masoko ya Jane Street walikwenda mahakamani Uingereza na wakashindwa mwaka 2023. Mwaka 2025 mamlaka ya udhibiti ya Uingereza ililitoza soko faini ya pauni milioni 9.2 kwa jinsi lilivyoendesha mambo siku ile.

Kwa hiyo ile laki moja haikuwa bei ya nikeli. Ilikuwa bei ya mtu aliyebanwa. Hakuna kiwanda kilichonunua tani kwa laki ili kitengeneze sinki. Wazee wetu walioisikia redioni hawakuambiwa hivyo.

#8 Kipepeo_Tabata

Duh. Kwa hiyo bei ya dunia inaweza kufutwa tu mtu akiamka vibaya?

#9 Bwana_Mizani

@Kipepeo_Tabata na si hiyo tu. Mwaka uliofuata, Machi 2023, kwenye ghala moja lililosajiliwa na soko hilo huko Rotterdam, magunia yaliyotakiwa kuwa na nikeli yalifunguliwa yakakutwa na mawe. Mikataba tisa, tani 54, mwenye karatasi akiwa benki ya JPMorgan. Mwezi mmoja nyuma, Trafigura walitangaza hasara inayoweza kufika dola milioni 577 kwa makontena waliyoyalipia kama nikeli na ndani hamkuwa na nikeli. Mleta mada, stika yako ya 304 ina ndugu zake huko juu.

Ila nikupinge kidogo. Umetupa picha ya giza kupita kiasi. Utafiti ule ule unaosema mashapo ni tani milioni 52.2 unasema pia gharama yote ya kuitoa nikeli ya Kabanga, ukishatoa mauzo ya shaba na kobalti, ni dola 3.36 kwa paundi. Hiyo ni kama dola 7,400 kwa tani. Bei ikiwa 15,000 bado kuna nafasi kubwa. Nickel West na Koniambo zilifungwa kwa sababu gharama zao zilikuwa juu. Kabanga ni mwamba tajiri, karibu asilimia 2, na kobalti juu. Usiifananishe na waliokufa.

#10 Mhangaza_Mjini

Mkuu nakubali, na nashukuru, hapo nilipita haraka. Utajiri wa mwamba wetu ni kweli na ndio unaonipa matumaini. Lakini angalia mstari mwingine wa utafiti huo huo: thamani ya mradi, dola bilioni 1.58 baada ya kodi, imepigwa kwa nikeli ya dola 8.49 kwa paundi. Hiyo ni dola 18,700 kwa tani. Sisi tumezungumza 15,000. Hizo 3,700 zikikosekana kwenye kila tani hazimuui mwenye mgodi, ila zinapunguza kinachobaki, na serikali yetu ina asilimia 16 ya hisa huru zisizofifishwa (haizilipii, na hazipungui hata mtaji ukiongezwa) kwenye hicho kinachobaki. Tena kabla ya hapo kuna pesa ya kujenga, inayokaribia dola bilioni moja, na wakopeshaji wanaangalia bei ya leo wakati wa kuamua.

Mwamba wa Kabanga uko chini sana, hauchotwi kwa kijiko. Ni mgodi wa kuzama, wenye njia za chini kwa chini, na mashine zake si za mtu wa kubahatisha.

#11 Muuguzi_Mbeya

Naomba nichomekee jambo dogo. Kliniki tunaona mabinti wengi masikio yametoka vipele na majimaji, wanadhani ni tundu limeoza. Mara nyingi ni hereni za bei nafuu zilizopakwa nikeli, mwili unaikataa. Hata ngozi chini ya kitovu, pale inapogusa kifungo cha suruali. Ulaya wana sheria ya kuzuia hiyo tangu miaka ya 1990. Kama sikio linawasha kila ukivaa, vua, usiendelee kupaka dawa juu yake.

#12 Mhangaza_Mjini

Dada asante, mke wangu anayo hiyo na hatukujua ni nini. Nimemsomea.

#13 Mutu_wa_Kolwezi

Jambo bandugu. Mimi ni wa Kolwezi, nafuata uzi huu toka asubuhi. Munasema Indonesia inawaumiza kwa nikeli. Sisi inatuumiza kwa kobalti. Ule udongo wao wa nikeli, wakiuchenjua kwa asidi na joto kali, kobalti inatoka pamoja, bila hata kuitafuta. Wamekuwa wa pili duniani nyuma yetu. Bei ya kobalti ikaanguka mpaka serikali ya Kinshasa ikafunga usafirishaji tarehe 22 Februari 2025. Oktoba wakaruhusu kwa mgawo, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ikapanda kweli. Sisi tunaweza kufanya vile kwa sababu kobalti nyingi ya dunia ni yetu. Nyinyi kwa nikeli, kama ndugu alivyoonyesha, hamuwezi. Mukifunga, hakuna atakayejua.

#14 Bwana_Mizani

@Mutu_wa_Kolwezi sentensi yako ya mwisho imesema ukurasa mzima.

#15 Mzee_Kibindo

Vijana, mimi nina miaka 74. Nimewasoma wote. Niongeze kidogo ya sarafu. Shilingi ile ya 1966, ya sura ya Mwalimu upande mmoja na mkono wenye mwenge upande wa pili, ilikuwa ya shaba na nikeli. Haikushika kutu wala haikunasa sumaku. Ninazo saba kwenye kopo. Za kuanzia 1987 zikawa chuma kilichofunikwa nikeli kwa juu tu. Wajukuu wanazichezea kwa sumaku ya spika, za zamani zinabaki mezani, mpya zinaruka.

Na kuhusu Kabanga, nilikuwa kijana wa kazi Kagera wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipokuwa wanatafuta madini maeneo yale miaka ya 1970. Wakapita wengi baadaye. Barrick na Glencore waliikalia kwa leseni ya kuhodhi miaka na miaka, bila kuchimba, wakisubiri bei. Leseni hizo zilifutwa 2018. Kwa hiyo msishangae kusikia bado. Mwamba huu umezoea kusubiri bei.

#16 Mhangaza_Mjini

Shikamoo mzee. Hizo sarafu usiwape wajukuu wote. Asante kwa historia, ni kweli kabisa: kinachotofautisha sasa ni mkataba wa Januari 2021 ulioanzisha Tembo Nickel, kampuni ya ubia wa serikali na mwekezaji, na leseni maalumu ya uchimbaji ya Oktoba mwaka huo, na sheria hairuhusu tena kukalia.

#17 Mzee_Kibindo

Marahaba mwanangu.

#18 Mama_Nyamiaga

Mimi niko Ngara sasa hivi, ninavyoandika mvua inanyesha. Kaka Mhangaza, hesabu zako nimezielewa, lakini niambie za kwetu. Mimi ninalima nyanya na kabichi. Nimeambiwa mgodi ukianza nitauza kambini. Jirani yangu alilipwa fidia, akajenga nyumba ya bati, pesa imeisha, sasa analima shamba la kukodi. Mkutano wa kijiji unakuja. Tukisimama kuuliza tuulize nini? Maana tukiuliza bei ya London tutaonekana vichaa.

#19 Mhangaza_Mjini

Mama, hamtaonekana vichaa hata kidogo. Bei ya London inakuja mpaka kwenye ofisi ya kata. Ushuru wa huduma ambao halmashauri inaupata unakatwa kwenye mauzo, kwa hiyo nikeli ikishuka na halmashauri inapungukiwa. Darasa lililopangwa kujengwa linabaki msingi. Mimi ningeuliza hivi: mpango wa mgodi wa kusaidia jamii, ambao sheria inataka waukubaliane na halmashauri, umeandikwa kwa kiasi gani, na bei ikishuka kiasi hicho kinabaki au kinakatwa? Waambieni wausome mbele yenu kwa Kiswahili.

La pili, nyanya zako. Uliza wanahitaji kilo ngapi kwa wiki, za kiwango gani, wanalipa baada ya siku ngapi. Mimi nimewahi kuuza vifaa kwa kampuni moja kubwa ikanilipa baada ya siku tisini, nikauza mashine yangu ya kukatia ili nilipe vijana mshahara. Nyanya haingoji siku tisini. Kama mko wengi, jiungeni mapema, mfungue akaunti, mjisajili, maana mgodi haununui kwa mtu mmoja mmoja mwenye tenga.

La tatu ni kusafishia. Tuliambiwa makinikia yatasafishwa Kahama, pale palipokuwa mgodi wa Buzwagi, kwa teknolojia ya maji na kemikali bila tanuru la moshi. Hiyo ndiyo sehemu inayonigusa mimi fundi, kwa sababu kiwanda cha namna hiyo ni matangi na mabomba ya stenlesi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vijana wa Ngara wanaosoma ufundi VETA leo wafundishwe kuchomelea kwa agoni sasa. Ukingoja geti lifunguliwe ndipo ujifunze, kazi itakwenda kwa wengine.

#20 Mama_Nyamiaga

Ya nyanya nimeiandika kwenye daftari. Ya mpango wa jamii nitaisema mimi mwenyewe, nitasimama. Mungu akubariki.

#21 Kasulu_Moja

Msisahau nikeli ya Musongati kwa majirani Burundi. Ile ni ya udongo mwekundu, aina ya Indonesia. Ujenzi wa reli ya Uvinza mpaka Musongati ulizinduliwa Agosti 2025, na mzigo wake mkuu unaotarajiwa ni nikeli. Kwa hiyo swali la nani anapanga bei ni la nchi mbili.

#22 Mhangaza_Mjini

Kweli, na kwao ni gumu zaidi, maana watakuwa wanauza mali ya aina ile ile na Indonesia, wakiwa mbali na bahari. Na nawaombea wasiige kila kitu. Desemba 2023 tanuru lililipuka Morowali, wafanyakazi wapatao 20 wakafa wakati wa matengenezo. Juni 2025 Indonesia wenyewe walifuta vibali vinne vya nikeli kule Raja Ampat baada ya watu kupiga kelele kuhusu visiwa na matumbawe. Nimechomelea ndani ya tangi lililofungwa, najua joto na hofu yake. Hao wa tanuru nawafikiria kila bei ikitajwa kuwa "nafuu".

#23 Kipepeo_Tabata

Mkuu, hiyo dawa ya matone inapatikana wapi, na inauzwaje?

#24 Mhangaza_Mjini

Ulizia maduka ya vifaa vya kuchomelea, sema dawa ya kupimia stenlesi. Hakikisha ni ile ya kupima manganizi, na usiiguse kwa mkono, ni asidi. Paka tone kona ya shiti kabla hujalipa, ukiwa bado dukani. Muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu.

#25 Fundi_Kisauni

Ndugu zangu, nimerudi. Dawa nilipata mjini leo mchana. Nilikuwa na shiti tano stoo, zote stika ya 304, nilizinunulia kazi ya kliniki moja. Nimeziosha pembe, nikapima moja moja na kijana wangu anashika taa. Mbili zimebaki vile vile. Tatu zimekuwa nyekundu. Nimezipakia kwenye mkokoteni, saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa aliyeniuzia.